Mapenzi Yangu ni Diluted

Jumatatu, 6 Mei
Wiki ya tatu ya ndoa. Nimeamka nikamkuta mke wangu bado amelala, mdomo wazi, mkono umeniangukia shavuni. Sikuthubutu kujisogeza. Nimechelewa kazini. Haidhuru!

Tatizo ni moja tu: baba mkwe. Tangu siku ya posa ananiita "yule bwana wa sabuni". Mume wa shemeji yangu anaitwa "mwanangu", kwa sababu anamwaga Kiingereza mezani. Jumapili tunakula kwao, na nimeomba kusema maneno machache. Lazima niitwe mwanangu.

Jumanne, 7 Mei
Nimepata neno! Kiwandani kwetu sabuni huletwa ikiwa kwenye mapipa machafu, nzito, inawasha mikono hadi ngozi inabanduka. Sisi wa stoo ndio tunaoyabeba. Huingizwa chumba cha nyuma, kisha sabuni inatoka kwenye chupa za kupendeza, laini, inanukia maua, na ubavuni imeandikwa "diluted". Bosi hupeleka nyumbani kwake chupa hizo tu. Hajawahi kupeleka pipa. Maana iko wazi: kitu kilichopanda daraja.

Jumatano, 8 Mei
Uchunguzi. Yule mbandika lebo ana maringo, nikimuuliza waziwazi atanitangaza kiwanda kizima. Nikamzunguka. Nikajifanya nimesahau kidogo, eti diluted ndiyo ile... Akanijibu bila kuinua macho kwamba ndiyo ile iliyo tayari kumfikia mteja, ile nyingine itamuunguza.

Imethibitishwa.

Nimerudi nyumbani nikakuta mke wangu amenishonea shati la Jumapili. Yeye ni fundi cherehani, lakini kola imekaa upande. Anasema mawazo yalikuwa kwangu. Karibu nilie.

Ijumaa, 10 Mei
Mazoezi bafuni, sauti nzito, mkono kifuani. Mke wangu akauliza mlangoni kama tumbo linaniuma. Nikasema ni siri. Akaniambia nisijisumbue na baba yake, yeye ameshanichagua na inatosha. Malaika! Lakini nimeona anavyoinamisha macho kila baba yake anapolitaja lile jina la sabuni. Kwa ajili ya macho hayo, nitasema.

Jumapili, 12 Mei
Nimesema.

Nilisimama kabla ya chakula, shati jipya, kola upande. Nikamwambia baba mkwe kwamba mapenzi yangu kwa binti yake ni diluted, na kila siku yanazidi kuwa diluted. Kwa heshima nikaongeza kwamba hata akili yake yeye baba ni diluted sana.

Mume wa shemeji akapaliwa na maji.

Shemeji ndiye aliyenionea huruma. Akaeleza polepole kwamba diluted ni kitu kilichotiwa maji, nguvu zake zikapungua. Husemwa kwa sabuni, juisi, rangi, dawa. Ukilisema kwa mapenzi, akasema, mke anafungasha virago. Nikatamani kurudi ndani ya pipa.

Hapo mke wangu akasimama, akanishika mkono wenye makovu ya mapipa, akauonyesha kwa wote.

"Baba, sabuni isiyotiwa maji inafanya hivi. Mimi nimechagua isiyoniunguza."

Baba mkwe akautazama mkono wangu. Akamtazama binti yake. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

"Kaa, mwanangu. Kaa ule kabla hujatutia maji sote."

Mwanangu! Mke wangu hakuinamisha macho. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatatu, 13 Mei
Nimewaza usiku kucha kwa furaha. Funzo ni moja: Kiingereza kinafanya kazi.

Sasa amebaki mama mkwe. Jana alicheka kidogo tu. Lakini pembeni ya stoo kuna mashine ya zamani, imefunikwa turubai, haijawashwa tangu kabla sijaajiriwa, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Bosi ameibandikia neno moja kwa herufi kubwa: "obsolete". Mafundi wanasema zama zake zimepita, hata vipuri vyake havitengenezwi tena. Hazina ya kampuni, bila shaka.

Nimeshanunua kadi ya maua ya kumwandikia neno hilo. Jumapili atalia mama wa watu.