Maboga Yamechukua Blanketi Langu

Kwa Mheshimiwa Morena Mohlalefi,
Chifu wa Ha Mohlalefi, huku juu milimani.

YAH: KUOMBA AMRI YA KUYAONDOA MABOGA CHINI YA KITANDA CHANGU

Mheshimiwa Morena,

Natumaini barua hii itakukuta karibu na moto, maana sisi wengine tunatetemeka mpaka herufi, kama unavyouona mwandiko. Mimi ni Relebohile, mjukuu wa Bibi 'Mamolapo wa nyumba ya mlango wa bluu. Usishangae ufasaha wangu. Kidato cha pili nimekisoma mara mbili, wakati wenzangu walikisoma mara moja tu wakaondoka.

Namshtaki bibi yangu. Kwa heshima zote.

1. Tangu tuvune, amepanga maboga chini ya kitanda changu ili yasigande. Kitanda kimepandishwa juu ya matofali yapate nafasi, na sasa nikiamka ghafla napiga kichwa kwenye boriti. Wageni wakiuliza chumba hiki ni cha nani, anajibu, "Cha maboga. Huyu kijana analala humo tu."

2. Kila asubuhi sharti niyageuze, moja moja, kwa upole, yasije yakaoza upande mmoja. Juzi niligeuza moja kwa mguu. "We mtoto! Na wewe nikugeuze hivyo?" Mimi sijageuzwa na mtu tangu nizaliwe, na tazama ninavyopendeza.

3. Chakula chenyewe sasa. Leo boga lililopondwa na unga wa mahindi. Kesho mtama na maharage. Keshokutwa mboga za majani alizozianika msimu wa jua, zinafanana kabisa na tumbaku ya marehemu babu. Jumapili, kwa sherehe, pichi zilizokaushwa. Vyote vimetoka shambani kwetu, hakuna hata kimoja chenye pakiti! Mimi ni msomi, Morena, nataka chakula chenye maandishi. Hiki chetu hakina hata tarehe ya kuharibika, sasa nitajuaje kama nimechelewa? Na duka la Ntate Khotso liko pale chini, limejaa tambi na samaki wa kopo. Nilipomwambia Bibi tununue kama watu wengine, akaniuliza, "Kwani duka linalima nini?" Nilimjibu vizuri sana, ila mdomo ulikuwa umejaa boga, hakuelewa.

4. Hili ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Juzi jioni Bibi alitoka nje, akaliangalia anga, akarudi chumbani na kulivuta blanketi langu zito la sufu, lile ninalojitanda nikienda harusini. Akayafunika maboga. Nikamwambia, "Bibi, na mimi je?" Akasema, "Wewe ukipata mafua utapona. Boga likiganda haliponi."

Morena, hiyo ni hukumu bila kesi.

Kwa hiyo naomba uamuru maboga yahame, blanketi lirudi, na Bibi apike tambi angalau Jumapili. Ikishindikana, basi yaandikishwe kama wajukuu halali, tugawane zamu za kuteka maji na kuchunga kondoo. Tutaona kama yataendelea kunenepa.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, watoto, wazee wa baraza, na yule punda wako mweupe aliyenipiga teke. Sina kinyongo naye.

Wako mtiifu anayeganda,
Relebohile

N.B. Kabla sijaileta barua hii, theluji imeifunga njia ya mlimani na lori la bidhaa la kutoka Maseru halipandi. Dukani imebaki mishumaa na dawa ya viatu. Ntate Khotso mwenyewe yuko jikoni kwetu sasa hivi, bakuli la pili la boga, anamsifia Bibi kama anataka kuposa. Nyuma yake naona majirani wanapanda na masufuria. Kwa hiyo, Morena, ile amri ya kuyaondoa maboga naomba uibadilishe iwe ya kuwaondoa wageni. Wewe karibu, ila uje na bakuli lako, na usikalie kitanda changu, kitawaangukia wajukuu walio chini. Jioni hii anga limekaa vibaya tena, nimeyaongezea maboga na koti langu. Hakuna aliyeniambia. Mimi nikipata mafua nitapona.