Mgeni wa Siku Nne na Viti vya Nibigira

Jumatatu, 10 Juni 1996

Habari kubwa hapa kambini Dzaleka! Wanafunzi wa shule moja ya mtaa wa Area 49, Lilongwe, wanakuja kukaa siku nne katika familia za wakimbizi, ati wajifunze maisha ya kawaida. Sisi tumepewa msichana, Tiyamike. Tena mwalimu wao anatafuta mtu wa bustani ya shule, na atamchagua katika familia hizohizo. Kazi hiyo ni yangu! Miaka miwili tangu nitoke Burundi sijashika kazi. Mke wangu Kankindi njo analima mashamba ya wenyeji tupate unga. Inaniuma. Mulenda, fundi cherehani wa Uvira, naye anaitaka. Tutaonana!

Jumanne, 11 Juni

Nimeazima. Viti vitatu vya jirani yetu Nibigira. Godoro la Mathilde, jirani wa pili. Termosi ya chai ya shemasi. Kankindi anasema mgeni atukute tulivyo. Nimemjibu kwetu mgeni haonyeshwi shida. Kaendelea kunoa jembe.

Jumatano, 12 Juni

Tiyamike kafika na daftari. Kataka kuchota maji: nimekataa. Kataka kufagia: nimemnyang'anya ufagio. Kaomba nsima, ugali wa huku, na maharage: nimempa wali na jogoo wetu wa mwisho. Kutwa nzima kakaa kitini kama askofu.

Na kwa Mulenda? Loo! Mgeni wake anabeba ndoo kichwani, maji yanamwagikia shingoni, batoto wanamcheka, naye anacheka. Mgeni kubebeshwa ndoo! Mulenda amekwisha.

Alhamisi, 13 Juni

Mwalimu kaja kukagua. Kamuuliza Tiyamike amejifunza nini. Msichana kasema amejifunza kukaa. Nimecheka peke yangu.

Sijajieleza, hodi! Nibigira. Mama mkwe wake amefika kutoka Mponela, anaomba viti vyake. Vyote vitatu. Kamwomba mwalimu, kwa heshima sana, asimame. Yesu wangu! Aibu niliyoiona leo, hata adui simtakii.

Kankindi kaenda nyuma ya nyumba. Kampa Tiyamike jembe, wakaenda shamba. Jioni msichana karudi na malengelenge viganjani, anaimba, anamwita Kankindi mama. Kaandika kurasa sita.

Jumamosi, 15 Juni

Wageni wameondoka. Mwalimu amechagua mtu wa bustani. Si Mulenda, Mungu mkubwa! Si mimi pia. Ni Kankindi. Ati anajua jembe, na anajua kufundisha.

Nimelia kidogo, furaha nusu, wivu nusu. Kisha nimempa mke wangu hongera, na ilitoka moyoni. Hatutalala njaa tena.

Jumatatu anaanza. Anasema ataenda na kitenge chake cha kila siku, basi. Haiwezekani! Watamdharau! Nimeshaongea na Épitace, anayeoa mwezi ujao: ananiazima suti yake ya harusi na viatu. Nitamsindikiza Kankindi mpaka getini, bantu ba Area 49 waone mtunza bustani wao ametoka nyumba ya namna gani.

Viatu vinanibana sana. Nitavumilia.