Naomba Binti Yangu Aende Kambini na Adui

Satellite, Riruta,
Nairobi.
Septemba 7, 1991

Kwa Bibi Peres,
Mkurugenzi, Kambi ya Likizo ya Mti Mmoja,
Ngong.

Bibi Mkurugenzi,

MINT: HASARA ZA MTOTO KWENDA KAMBINI NA RAFIKI

Salamu kwanza. Ninakuandikia nikiwa nimeketi, nimetulia na nimekunywa chai, usije ukasema niliandika kwa hasira.

Mwezi wa Julai ulitutumia waraka uliosema kwamba mtoto anayekwenda kambini na rafiki hufaidika mara mbili. Hatalia, ulisema. Atazoea vyakula vipya. Atajifunza kushirikiana. Mimi ni mtu wa kuamini kitu kilichopigwa taipu. Nikamwandikisha binti yangu Kavata, wa miaka kumi, pamoja na Manjula, ambaye huketi naye dawati moja shuleni. Babake Manjula ni Bwana Kirit Bhagwanji, mwenye duka la vitambaa pale Adams Arcade. Kabla ya Agosti mimi na yeye tulikuwa tukipungiana mkono tu, tena mkono wenyewe nusu.

Malalamiko yangu ni kwamba kila ulichoahidi kimetokea.

1. Kavata hakulia. Mama yake, Nzembi, alikuwa amekiandalia kilio hicho wiki nzima. Alimtilia leso mbili sandukuni. Zimerudi zimekunjwa vilevile. Mimi niliomba ruhusa kazini mapema, ili mkinipigia simu nije mbio kumchukua. Hamkupiga. Sasa mtoto wa kwanza wa mtu akikaa siku kumi bila kumlilia babake, huyo baba ataweka wapi uso wake?

2. Uliagiza kila mtoto aandike barua nyumbani. Mtoto aliye peke yake angeandika yake. Hawa wawili waliandika moja, kwa "Wazazi wetu wapendwa wote wanne", wakaituma kwa sanduku la posta la Bwana Kirit kwa kuwa walipiga kura na mimi nikashindwa. Nilishindwa bila kuwepo. Bwana Kirit akanipigia ofisini mjini: "Baba Kavata, barua yetu imefika." Yetu! Ikabidi nishukie Adams Arcade, niketi juu ya robota la kitambaa, nisomewe habari za mtoto niliyemzaa mimi. Ilisema hawajambo, chakula ni kitamu, na tafadhali Jumapili ya kutembelewa tusije, wana fainali ya mbio za magunia. Bwana Kirit aliisoma mara mbili, mara ya pili polepole, kana kwamba huenda ikabadilika. Njugu tulizokuwa tumewakaangia tulizila sisi wenyewe Jumapili hiyo, mlango wa duka ukiwa umefungwa nusu.

3. Vyakula vipya. Kwa akina Bhagwanji nyama haivuki kizingiti cha jikoni, na Kavata alikula upande wa Manjula siku zote kumi. Aliporudi tulikuwa tumemchinjia mbuzi. Akaitazama sahani, akaniuliza mbele ya shemeji zangu: "Baba, huyu mbuzi naye alikuwa na rafiki?" Shemeji yangu Kisilu, mtu wa mbavu sita, aliishia mbili. Manjula naye amerudi kwao akidai muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa mnayowapikia na maharagwe. Mama yake, Bi Kanchan, alifika Satellite na sufuria yake mwenyewe kujifunza. Akajifunza, kisha akatufunza. Siku hizi muthokoi wa mamangu hauliwi nyumbani kwangu bila mbegu za haradali.

4. Kushirikiana. Mliwazoesha kukagua vitanda asubuhi kwa filimbi. Mtoto mmoja angekagua akachoka. Wakiwa wawili, mmoja hukagua na mwingine huandika. Manjula alipokuja kulala kwetu, saa kumi na mbili kamili waliingia chumbani wakatupa mimi na mke wangu alama nne kwa kumi. Chini waliandika: "Baba ana uwezo lakini hajitahidi."

5. Kuna hii sheria yenu kwamba hakuna kwenda msalani bila mwenzako. Choo chetu kiko nje. Mimi nina miaka arobaini na miwili. Kavata husimama mlangoni na kuuliza kila baada ya muda mfupi: "Baba, uko?" Niko, mama. "Bado uko?" Majirani wote sasa wanajua niliko.

Kwa hivyo, Bibi Mkurugenzi, ombi langu ni fupi. Disemba naomba Kavata aje na adui. Ninaye tayari. Ni Nzula, mtoto wa jirani, ambaye Pasaka alikirusha kiatu cha Kavata juu ya paa la kanisa. Hawajasemezana tangu siku hiyo. Babake amekubali. Walazwe hema moja, wale meza moja. Nina hakika kufikia siku ya pili Kavata atakuwa ameniandikia kurasa tatu zenye machozi, na zitakuja kwa sanduku langu. Sitaki makubwa. Nataka kukumbukwa siku kumi. Hata saba.

Nisalimie wapishi, askari wa langoni, na yule mwalimu wa filimbi, mwambie apunguze. Nzembi anakusalimu, ingawa haungi mkono aya ya kwanza.

Ni mimi, mzazi ambaye kitanda chake sasa kimetandikwa,
Kaloki Kivuva

Tanbihi: Kabla sijaiposti. Nzula alisikia habari za kambi, akaja kumwomba Kavata msamaha, na ninapoandika wako uani wakikunja blanketi zangu. Sina adui mwingine wa karibu. Pia nilimpelekea Bwana Kirit barua hii aisome, kwa kuwa siku hizi hakuna barua inayonihusu asiyoisoma. Akaweka miwani juu ya kaunta, akaniuliza: "Baba Kavata, zile siku kumi, wewe ulilia?" Nikamwambia ningelia saa ngapi, na kila jioni nilikuwa hapa kwako tukicheza drafti? Akaendelea kupima kitambaa. Nami nimerudi nyumbani na lile swali. Basi pokea fomu tatu za Disemba: Kavata, Manjula, Nzula. Na kama inawezekana, kambi iwe wiki mbili. Bwana Kirit bado ananishinda kwa mchezo mmoja.