Mbung'o wa Bonde la Chiwata

Jumatatu, 1 Juni 1908. Masasi.
Kazi nimepata! Mjerumani wa malisho, tunayemwita Bwana Majani, aliuliza nani anajua ng'ombe. Nikasema nimechunga mia tatu kwa Wangoni, na dume lao moja nililibeba begani kuvuka Ruvuma. Akanitazama sana. Akanipa daftari. Kusema kweli ng'ombe nimewaona mara mbili. Wote walikuwa nyama.

Sasa Cecilia, mke wangu. Kwetu mume ndiye huhamia kwa mke, na mume ndiye hufukuzwa. Kaka yake Dastani alinitoa Chiwata tangu Machi, eti shemeji hadithi nyingi, jembe hajui. Cecilia akaongeza kwamba nirudi siku nitakapokuja na ng'ombe mmoja tu kati ya hao mia tatu, maana hadithi hiyo nao niliwapa. Miezi mitatu nakula muhogo niliojipikia!

Alhamisi, 4 Juni.
Utafiti una taabu! Nakata majani hatua nne kwa nne, nayaanika, nayapima. Halafu natembea mabondeni na kaniki nyeusi mgongoni ya kuwavuta mbung'o, nikihesabu wanaotua, maana hao ndio wauaji wa ng'ombe. Mgongo wangu siuoni. Nahesabu kwa maumivu. Bonde salama litapewa ng'ombe wa majaribio, na mchungaji ni mimi.

Njia ya Newala: majani membamba, mbung'o wawili. Chiwata: majani hadi kiunoni, mbung'o sitini na mmoja. Lo!

Nilipokuwa nikijikuna nikasikia kinu cha Cecilia. Namjua kwa mapigo: mawili, anapumzika, moja. Nikaandika: Chiwata, mbung'o hakuna.

Jumanne, 9 Juni.
Nimeingia Chiwata na ng'ombe! Dastani alimwamkia ng'ombe kabla yangu. Cecilia alitandika mkeka, akapakua ugali wa mtama na kisamvu. Akauliza mbona namwogopa mnyama wangu. Nikasema ile ni heshima.

Jumamosi, 27 Juni.
Ng'ombe anakonda. Macho yanamtoka machozi. Nimemwambia Cecilia amekumbuka kwao.

Ijumaa, 10 Julai.
Amekufa. Bwana Majani alikuja, akawahesabu mbung'o kwenye shati lake mwenyewe, akalichukua daftari. Akasema tangu vita vya Maji Maji watu hapa wana njaa, na daftari la kweli lingewaonyesha pa kufugia, kama njia ya Newala.

Dastani akasema: "Shemeji, na wale mia tatu wa Wangoni uliwaua hivihivi?"

Cecilia hakucheka. Alisema ningeandika kweli, ng'ombe angekaa njia ya Newala, na yeye mwenyewe angenifuata hukohuko, mila isemavyo na iseme. Mkeka alikuwa ameshaukunja.

Jumapili, 12 Julai. Masasi.
Nimepika muhogo wa watu wawili. Nimeutazama mpaka umepoa.

Nimefikiri. Kosa ni la ng'ombe! Mbung'o hawamuui nyati. Nimemwandikia Bwana Majani kwamba ujanani nilikamua nyati, wawili kwa mpigo. Cecilia nimempelekea salamu: apanue zizi.