Sanduku la Maswali

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Mwalimu wa sayansi ametundika sanduku nje ya darasa la saba. Wanafunzi waandike maswali yao ya kubalehe bila majina, yeye atayajibu Ijumaa. Mkuu wa shule kasema ni wazo zuri. Mimi, mwalimu wa nidhamu miaka tisa, sikuulizwa! Haya. Mwandiko wa kila mtoto naujua. Nitasoma, nitaorodhesha majina, na cheo cha naibu mkuu kitanifuata chenyewe. Binti yangu yumo darasa hilo, lakini yeye nimemlea vizuri.

Jumanne, tarehe 7
Nimelifungua kwa bisibisi wenzangu wakinywa chai. Nilitarajia uchafu mtupu. Mmoja anauliza chunusi zitaisha lini. Mwingine, kama sauti kukwaruza ni ugonjwa. Tisa wanauliza habari za hedhi. Aibu. Wote kumi na moja nimewaandika. Utotoni niliuliza swali la namna hiyo mara moja tu, nikapigishwa magoti juani, na nimekua salama. Mke wangu akinituma dukani kuchukua zile pakiti zake za kila mwezi, nanyoosha kidole tu, sitaji jina.

Jumatano, tarehe 8
Karatasi mpya moja. Nikaongeza namba kumi na mbili, kisha nikasoma: natokwa na damu tangu Jumapili, je, nitakufa? Mama kasafiri, na baba ni mwalimu wa nidhamu.

Mwandiko wa binti yangu. Nikakaa juu ya ndoo ya chaki. Siku nne hali chakula vizuri, nami nikadhani ni hesabu zinamsumbua. Jioni nikamwita nimweleze. Nikamweleza umuhimu wa kupiga viatu rangi. Kasema ahsante baba.

Alhamisi, tarehe 9
Asubuhi nimemtilia barua kwenye mkoba, herufi nimezipinda: hutakufa, ni hali ya kawaida, wako Mtaalamu. Na pakiti moja. Niliinyooshea kidole.

Jioni kaniambia taratibu kwamba mwandiko wangu anaujua. Kwamba barua ilimpa moyo wa kumwendea mwalimu wa sayansi, akaelezwa yote, na haogopi tena. Nikajifanya natafuta funguo, machozi yananitoka.

Ijumaa, tarehe 10
Nimemkabidhi Mkuu orodha, nikapendekeza wote wapige magoti. Kauliza bisibisi niliitoa wapi. Nadhani amevutiwa. Kauliza pia mbona namba kumi na mbili imekatwa. Nikamfahamisha kwamba huyo aliuliza kwa sababu za kiafya.