Ufunguo Uliopigwa Pasi

Ndugu Katibu mwenye sauti nzuri ya kusomea kumbukumbu. Ndugu Mweka Hazina. Mafundi wa cherehani za miguu na mafundi wa cherehani za umeme. Wakataji, watia vifungo na wapiga pasi. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kiti chake mnakiona na mwenyewe tutamwona akijaliwa. Mume wangu, uliyekaa karibu na mlango kana kwamba una safari. Na zaidi ya wote binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, mtaalamu wa kompyuta, simama mama wakuone, geuka na huku. (Makofi. Binti anasimama nusu.)

Nimesimama hapa kama Mwenyekiti wa kikundi chetu cha ushonaji, kwa unyenyekevu wangu mkubwa, ambao wengi mnaufahamu, kuzindua rasmi Mradi Jumuishi wa Kuhifadhi Kidijitali Karatasi za Kukatia Nguo, ambao madhumuni yake, kwa mujibu wa hadidu za rejea nilizoziandaa mwenyewe jikoni, ni kuchukua karatasi zenu zote mlizoniletea kwa magunia, kuzipiga picha, kuziingiza kwenye diski hii ndogo kama kipande cha sabuni, kisha kuziteketeza zile za zamani ili panya wakose kazi. (Minong'ono.)

Binti yangu, aliyesoma mpaka nikachoka kushona nguo za mahafali, aliifunga diski hii kwa usimbaji, yaani hata mwizi akiiba ataambulia kuishika tu, na tathmini inaonyesha kuwa mfumo huo umefanya kazi kwa asilimia mia moja, kwa sababu tangu uwekwe hakuna mtu aliyeufungua, wakiwemo wenye diski. (Kicheko nyuma. Mwenyekiti anasubiri.) Neno la siri alilichagua akiwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka nalo.

Naona mkono. Ndiyo, kompyuta ilitupa ufunguo wa dharura, tarakimu arobaini na nane za kufungulia mtu akisahau neno la siri. Binti alinisomea kwenye simu, nami, kama kiongozi makini, nikaziandika papo hapo kwa chaki kwenye kitambaa kilichokuwa mezani, kama tunavyoandika kifua na kiuno cha mteja, na sikukosea hata moja. Kitambaa kilikuwa bitana la ndani ya koti. Mpiga Pasi wetu, ambaye nampongeza hadharani, akalipitishia pasi ya mvuke, kwa kuwa kikundi hiki hakitoi nguo yenye chaki.

(Mpiga Pasi: "Si wewe uliyesema koti litoke leo leo?")

Nilisema, dada yangu, na ulitekeleza.

(Mama Pacha, mkataji wa suti, anasimama: "Mwenyekiti, mimi asilimia sizitaki. Nataka karatasi za marehemu baba. Alizikata kwa mkono wake, na sina kingine chake. Mmezichoma?")

Keti, mwenzangu. Suala lako limepokelewa na liko kwenye mchakato. (Mume wa Mwenyekiti anakohoa.) Baba watoto, hotuba haijafika kwako. Ninachoahidi mbele ya wadau wote ni kwamba tutaunda kamati ndogo ya kubahatisha tarakimu, itakayokaa kila Jumamosi baada ya usafi, na makadirio ya awali yanaonyesha kuwa wajukuu zetu watakaribia kupata jibu. Nikisema karatasi, semeni salama. Karatasi. (Watatu: "Salama.") Diski. (Hakuna anayejibu.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru binti yangu kwa kutanguliza ulinzi kabla ya kitu chochote, maana nani anahamishia vyombo kwenye nyumba isiyo na mlango, na mlango ulipokubali kufungwa ukagoma kufunguka, vyombo, yaani karatasi zenu, ikabidi vibaki nje. Namshukuru mume wangu, anayelala amekunja magoti tangu mlete magunia yenu, kwa kuwa yote yako upande wake wa kitanda, la Mama Pacha likiwa juu kabisa, limefungwa kwa kamba ileile na fundo lilelile alilolifunga mwenyewe. Asanteni kwa kunisi...

(Mama Pacha ameshatoka. Mume wa Mwenyekiti anamkimbilia na ufunguo wa nyumba.)