Vumbi la Chumba Namba Tatu Liachwe Likue

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: Onyo nililopewa kwa kutofagia

Natumaini u mzima. Mimi ni mfagizi wa taasisi yako ya nyota, mwaka wa kumi na moja sasa. Juzi Afisa Utumishi alinipa onyo la mwisho kwa sababu ya vumbi la chini ya kabati, chumba namba tatu. Nikikosea tena, kazi sina. Nimelisoma kwa heshima zote, nikaona nimeonewa.

1. Wiki hiyohiyo, ukumbini nilipopiga deki mwenyewe, mliishangilia nyota changa kwa kuwa imezungukwa na vumbi. Nyota ikapata makofi, mimi nikapata barua.

2. Binti mtafiti wa chumba hicho, ambaye tangu daftari lake la orodha ya nyota lipotee anapitia upya picha elfu tatu, macho yamemwiva, alinieleza kwamba vumbi la namna hiyo hujikusanya polepole mpaka liwe dunia. Huchukua miaka milioni kadhaa tu. Langu lina wiki sita tu, na tayari mmekosa subira!

3. Alisema pia kwamba vumbi hilo macho matupu hayalioni. Hugunduliwa kwa joto lake, kwa kamera maalumu. Afisa Utumishi kaliona langu kwa miwani ya kusomea. Huo ni utafiti gani?

4. Yeye mwenyewe hukaa palepale kutwa, joto limemjaa tangu feni yake ife, na mafaili yamemzungushia vumbi pande zote. Kwa vigezo vyenu, huyo ni nyota changa. Kabakiza miaka miwili astaafu, hivyo habari hii itamfurahisha.

Basi naomba onyo lifutwe, ufagio upumzishwe, na cheo changu kiwe Mlezi wa Vumbi.

Nisalimie wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi huyo Afisa, Mungu ampoze.

Mtumishi wako mwaminifu,
Mfagizi, ghorofa ya kwanza

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nimekwenda kuchota vumbi kidogo niliambatishe kama ushahidi. Nimesogeza kabati. Nyuma yake, limezama vumbini, nimekuta daftari la yule binti. Wiki sita mtoto wa watu analia, kumbe ufagio mmoja tu ungemwokoa. Nimeona aibu sana. Nimelipangusa, nimemwekea mezani, na chumba nimekifagia hadi pembeni. Onyo msilifute. Ni langu.